Kizuri Chajiuza? Kawaulize Wanariwaya wa Ukerewe

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa embe na vitumbua, nakubali. Kwa riwaya, nakataa katakata. Riwaya nzuri za Kiswahili hazijiuzi. Zimelala. Nyingine zimelala kwenye rafu za maktaba na vumbi lake la miaka thelathini, nyingine zimelala juu ya gunia kando ya barabara, zimebanwa katikati ya vitabu vya uhasibu na magazeti ya zamani. Sisi vijana tunapita hapo kila siku, tunaziruka, halafu jioni tunakaa kijiweni na kulalamika kwamba siku hizi hakuna cha kusoma.

Makala haya ni ugomvi na malalamiko hayo. Ni ugomvi wa kindugu, maana wanaolalamika ni wenzangu wa kalamu, watu wanaotaka kuandika riwaya na wengine wameshaanza. Lakini ugomvi ni ugomvi, kwa hiyo nitasema wazi.

Mkamate kijana yeyote anayesema anaandika riwaya, umuulize amesoma riwaya gani za Kiswahili. Atakutajia Takadini, Joka la Mdimu na Watoto wa Mama N'tilie. Aliyefika kidato cha sita ataongeza Vuta N'kuvute, Usiku Utakapokwisha na Mfadhili. Mwenzetu wa Kenya atataja Utengano, Siku Njema, Kidagaa Kimemwozea au Chozi la Heri, kutegemea alifanya mtihani mwaka gani. Muulize tena, "Na nyingine?" Hapo ndipo utakapoona mtu anakuna kichwa.

Sisemi vitabu hivyo ni vibaya. Vipo vizuri sana humo, na kimoja nitakirudia hapa chini. Ninachosema ni kwamba hatukuvichagua sisi. Tulipewa. Tukavibukua tukitafuta dhamira, wahusika na tamathali za semi, tukavitapika kwenye karatasi ya mtihani, basi, habari ikaishia hapo. Mtu ambaye hajawahi kujichagulia kitabu kwa hamu yake mwenyewe bado hajawa msomaji. Ni mtahiniwa tu, hata kama ana shahada.

Na madhara yake tunayaona kwenye miswada yetu. Nimesoma mingi ya wenzangu, mingine kwenye madaftari ya kaunta, mingine kwenye simu. Kijana maskini anatoka kijijini, anafika mjini, tajiri mwovu anamnyanyasa, ukurasa wa mwisho unatoa funzo. Anayetaka kuandika juu ya historia ndiyo balaa zaidi: anachukua hotuba za kupigania uhuru, anawagawia wahusika wazisome kwa zamu, anaita riwaya ya kihistoria. Tunaandika hivyo kwa sababu kalibu tuliyoiona ni moja. Fundi seremala aliyeona stuli peke yake atachonga nini? Stuli.

Sasa, badala ya kulaumu tu, nataka kuonyesha njia tatu ambazo msomaji asiye na mwalimu wala orodha anaweza kuzifuata akaibuka na riwaya za maana. Unaweza kufuata mahali. Unaweza kumfuata mwandishi mmoja mpaka mwisho. Unaweza kufuata kitabu kilichohamia lugha yetu kutoka lugha nyingine. Nitazipita zote, na njiani nitatoa hukumu zangu, maana mhakiki asiyehukumu ni karani tu.

KISIWA KIMOJA, WANARIWAYA WATATU

Chukua ramani ya Tanzania, tazama Ziwa Victoria, tafuta Ukerewe. Ni kisiwa. Ukikaa ukahesabu wanariwaya waliotoka hapo, utashangaa: Aniceti Kitereza, Gabriel Ruhumbika na Euphrase Kezilahabi. Watatu wakubwa, kisiwa kimoja! Kezilahabi tunamjua wengi. Ruhumbika wanamjua wachache. Kitereza, babu yao wote, hajulikani karibu kabisa miongoni mwa vijana, na ndiye anayenipa jeuri ya kuibishia ile methali.

Kitereza alizaliwa mwaka 1896. Alisoma kwa wamisionari, akaandika riwaya yake kwa Kikerewe, lugha ya watu wake, akaimaliza mwaka 1945. Tusisahau mwaka huo: Shaaban Robert alikuwa bado hajachapisha Kusadikika, ambacho kilitoka 1951. Hakupatikana mchapishaji wa kitabu kinene namna ile kwa lugha ya watu wachache namna ile. Mzee akakaa nacho. Baadaye akakigeuza mwenyewe kwa Kiswahili. Kikachapwa na Tanzania Publishing House mwaka 1980, mabuku mawili, kwa jina refu la Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka na Ntulanalwo na Bulihwali. Mwandishi akafariki mwaka 1981. Hesabu mwenyewe: miaka 35 kutoka kumaliza kuandika mpaka kuchapwa. Kizuri kilijiuza wapi hapo?

Hadithi yenyewe ukiisimulia kwa kifupi ni ndogo. Mume na mke wanapendana lakini hawajajaliwa mtoto. Maneno ya watu yanazidi, wakwe wanamchukua binti yao. Kwa riwaya nyingi tulizozizoea, hapo mume angeoa mwingine, au angeingia ulevini, tukapewa funzo. Myombekere hafanyi hivyo. Anamtaka mke wake huyuhuyu. Anakwenda ukweni kuomba, anatozwa pombe ya ndizi, anarudi kuitafuta. Na Kitereza hakurahisishii kazi: utaiona pombe hiyo ikitengenezwa tangu ndizi mpaka inapobebwa. Utajua mkwe anasalimiwaje, mgeni anakaa wapi, nani anakula na nani, dawa ya uzazi inatafutwaje, shamba linalimwaje.

Nitasema ukweli: kuna kurasa zinachosha. Kuna mahali Kitereza anasahau kwamba anasimulia, anaanza kufundisha, na msomaji wa leo aliyezoea hadithi za kukimbizana atapiga miayo. Ukitaka kisa kinachokwenda mbio, hiki si chako. Lakini subiri kidogo uone kazi kubwa iliyofanyika humo. Kitereza ametujengea ulimwengu wa Wakerewe kabla ya ukoloni, na watu wake hawana habari kabisa na Mzungu. Hawamwogopi, hawamsubiri, hawapigani naye. Wana shughuli zao. Wana mapenzi, madeni, wivu, magonjwa na utani.

Ukitaka kuona tofauti, kisome pamoja na Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela, kilichotoka 1934. Hicho nacho ni kitabu muhimu, ni miongoni mwa vitabu vya kwanza kabisa vya nathari ya Kiswahili inayokaribia riwaya, na kinasimulia watu waliokamatwa utumwani wakaokolewa na meli za Waingereza na kuwekwa Freretown, karibu na Mombasa. Lakini kila jambo jema mle linatoka baharini, kwenye meli ya Mwingereza. Mwafrika anaumizwa, anaokolewa, anashukuru. Mbotela na Kitereza wote walilelewa na misheni. Mmoja alitazama nyuma akaona giza lililosubiri mwanga kutoka nje. Mwingine alitazama nyuma akaona kijiji chenye watu. Mimi niko upande wa Kitereza. Lakini nakushauri umsome na Mbotela pia, kwa sababu bila yeye hutajua Kitereza alichokikwepa ni kitu gani.

Na hapa mwandishi chipukizi ajifunze jambo moja. Utafiti wa riwaya ya kihistoria si kukariri tarehe za vita. Ni kujua pombe ilipikwaje. Ukilijua hilo, wahusika wako watapata la kufanya kwa mikono yao wakati wanazungumza, na msomaji atakuamini hata utakapomwambia mambo makubwa.

Kutoka kwa Kitereza, vuka kwenda kwa Ruhumbika. Huyu alianza kwa Kiingereza, Village in Uhuru, mwaka 1969, halafu akageukia Kiswahili. Miradi Bubu ya Wazalendo (1992) inawafuata watu wa kawaida kuanzia enzi za mkoloni mpaka miaka mingi baada ya uhuru, ikionyesha jasho la nani lilinenepesha nani. Ni riwaya yenye hasira, na hasira yake imepangwa vizuri. Ruhumbika huyohuyo ndiye aliyekitafsiri kitabu cha Kitereza kwa Kiingereza moja kwa moja kutoka Kikerewe, kikatoka 2002. Kwa hiyo kisiwa hiki kina mazungumzo ya ndani kwa ndani: kijana amembeba babu yake.

Halafu Kezilahabi, aliyefariki Januari 2020. Wengi tunakumbuka kelele za Rosa Mistika (1971), kitabu kilichowahi kuzuiwa mashuleni. Sawa, kisome. Lakini kwa mada yetu, kitafute Gamba la Nyoka (1979), kinachohusu vijiji vya ujamaa. Vijana wawili wasomi, Mambosasa na Mamboleo, wanarudi kijijini na maneno makubwa vichwani, na kijiji kinawapima. Kezilahabi hakumkejeli mkulima, wala hakumfanya malaika. Ndiyo maana kitabu bado kinauma. Ila nakupa tahadhari ya kirafiki: usianzie Nagona wala Mzingile. Hivyo ni vitabu vya kuviendea ukiwa umeshakomaa. Ukianzia huko utakimbia, na utamsingizia mzee wa watu.

MGOMO, KASRI NA JELA

Njia ya pili ni kumshika mwandishi mmoja ukamfuata mpaka mwisho wa barabara. Mfano wangu ni Adam Shafi, kwa sababu ukivipanga vitabu vyake vinakusomea historia ya Unguja kwa namna ambayo hakuna daftari la shule lililowahi kuisoma.

Shuleni tulipewa Vuta N'kuvute peke yake, kama mtu aliyepewa mguu wa kuku akaambiwa huyu ndiye kuku. Hebu anzia nyuma. Kuli (1979) inatupeleka bandarini, kwa makuli wa Zanzibar na mgomo wao wa mwaka 1948. Mhusika mkuu, Rashidi, anakua kutoka mtoto asiyejua kwa nini anaonewa mpaka mtu anayejua na anayesimama. Ni kitabu chenye nguvu, na picha za kazi ya bandarini, uzito, joto na hatari, hazisahauliki. Lakini kama ilivyokuwa kwa riwaya nyingi za miaka ile, mtu mbaya ni mbaya kuanzia unyayo mpaka utosi, na mtu mwema anazungumza kama kipeperushi. Unamheshimu Rashidi kuliko unavyomjua.

Sasa ruka miaka ishirini uingie Vuta N'kuvute (1999). Siasa ni ileile, wapinga ukoloni walewale, askari wa kikoloni walewale. Kilichobadilika ni mlango wa kuingilia. Safari hii tunaingia na Yasmin, msichana wa Kihindi aliyeozwa mwanamume mwenye umri wa baba yake, akatoroka. Anapokutana na Denge, mwanaharakati, hatukutani na kipeperushi tena. Tunakutana na mtu anayependwa na anayekera, anayetoweka usiku bila kuaga. Na Mwajuma, rafiki yake Yasmin wa Ng'ambo, mpenda taarabu na starehe, kwangu ni mhusika aliyechongwa vizuri kuliko wote katika kazi za Shafi. Hana hotuba hata moja ya kukariri, lakini ukimwondoa, kitabu kinaanguka. Mwandishi aliyeandika Kuli alikaa, akasikiliza, akajifunza. Huwezi kuliona hilo ukisoma kitabu kimoja.

Kuna jozi nyingine inayotisha zaidi. Kasri ya Mwinyi Fuad (1978) inahusu maisha ya mabwana na watumishi na Mapinduzi ya 1964. Inamfuata Kijakazi, mtumishi aliyezeeka kwenye kasri la watu. Haini (2003) inahusu kukamatwa na kuteswa kwa watu baada ya kiongozi wa nchi kuuawa, na kila msomaji anajua kwamba Sheikh Abeid Karume aliuawa Aprili 1972, na kwamba Shafi mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliowekwa kizuizini baada ya hapo. Visome viwili hivyo kwa kufuatana, wiki moja. Katika cha kwanza, Mapinduzi yanafungua milango. Katika cha pili, milango inafungwa kwa nje na funguo ziko kwa mtu mwingine. Mkono ni mmoja, umeandika vyote viwili, na haukukikana cha kwanza. Niambie kitabu gani cha historia cha darasani kilichokuruhusu kushika mambo mawili mazito namna hiyo kwa mikono miwili.

Mwaka 2021 Amil Shivji alitoa filamu ya Vuta N'kuvute, ikafika mpaka tamasha la Toronto. Filamu ni nzuri, picha zake babu kubwa. Lakini nimesikia watu wakisema, "Mimi nimeshaitazama, sina haja ya kusoma." Jamani! Filamu ina saa moja na ushei. Haiwezi kubeba vichekesho vya Mwajuma vyote, wala ule uchovu wa Koplo Matata anayemtumikia Inspekta Wright. Ukishatazama, rudi kwenye kitabu. Na ukishamaliza vya Shafi, kwa mlango uleule wa Unguja ingia Nyota ya Rehema (1976) ya Mohamed Suleiman Mohamed, inayogusa ardhi na ubaguzi wa rangi kabla ya Mapinduzi. Kwa ufundi wa Kiswahili, huyo bwana ni moto wa kuotea mbali.

KITABU KILICHORUDI NYUMBANI

Oktoba 2021 Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alipata Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Vijana tulishangilia kama tumefunga goli. Tuseme ukweli, wengi wa walioshangilia hawakuwa wamesoma hata ukurasa mmoja, na si kwa ubaya: vitabu vyake viliandikwa kwa Kiingereza, vikachapwa Uingereza, na bei yake ilikuwa ya watalii.

Mwaka 2022 ikatoka Peponi, tafsiri ya Paradise (1994), iliyofanywa na Ida Hadjivayanis na kuchapwa na Mkuki na Nyota. Hapa pana somo kwa kila anayetaka kuandika juu ya zamani zetu. Kitabu kinamhusu Yusuf, mvulana anayechukuliwa na mfanyabiashara Aziz, ambaye yeye amezoea kumwona kama ami yake. Kidogo kidogo anagundua kwamba amewekwa rehani kwa deni la baba yake. Baadaye anasafiri na msafara wa biashara kwenda bara, wakati Wajerumani wanazidi kuikaza nchi.

Sote tulisoma "biashara ya masafa marefu" shuleni. Mistari michache: pembe za ndovu, watumwa, nguo, shanga, njia ya kati, njia ya kusini. Tukachora ramani na mishale. Gurnah amechukua ule mshale mmoja wa ramani akamweka juu yake mtoto wa kiume mwenye usingizi na hofu. Hakuna shujaa mle. Hakuna wema wa jumla wa watu wa pwani wala wa watu wa bara, na ukoloni hauji kama radi, unakuja kama uvumi unaozidi kukaribia. Mwisho wake sitausema, ila nikuambie kwamba utafunga kitabu na kukaa kimya.

Lakini raha ya Peponi kwetu ni nyingine. Katika Kiingereza, maneno kama seyyid na mnyapara yanakaa kama wageni sebuleni. Msomaji wa London anayatazama kwa udadisi. Katika Kiswahili yamevua viatu, yamekaa mkekani. Ucheshi wa dukani, matusi ya wasafiri, adabu za mgeni na mwenyeji, vyote hivyo vilikuwa Kiswahili tangu mwanzo ndani ya kichwa cha hadithi. Wapo wanaodharau tafsiri, wakisema ni fasihi ya mkopo. Nawajibu: tafsiri hii ni deni lililolipwa.

Na ukiwa bado na vumbi la msafara miguuni, tafuta Kwaheri Iselamagazi ya Bernard Mapalala (1992), inayomhusu Mirambo, mtemi wa Wanyamwezi aliyepambana na wafanyabiashara Waarabu wa Tabora kuanzia 1871 na kufariki 1884. Gurnah anaingia bara akitokea pwani. Mapalala amesimama bara anautazama msafara ukija. Kwa ufundi hawalingani, sitadanganya. Lakini ukisikia upande mmoja tu wa kesi, utahukumu vipi?

Mlango wa tafsiri una vyumba vingi. Fortunatus Kawegere alitupa Shamba la Wanyama mwaka 1967. Clement Ndulute alitupa Shujaa Okonkwo, yaani Things Fall Apart ya Chinua Achebe, mwaka 1973. Jina la mfasiri huandikwa kwa herufi ndogo, lakini mara nyingi ndilo litakalokufikisha mbali.

RIWAYA YA LEO NI HISTORIA YA KESHO

Kuna mwenzangu mmoja huniambia, "Bwana, mimi sitaki mambo ya zamani, mimi naandika ya mtaani kwetu." Vizuri sana. Lakini hebu tazama. Kezilahabi alipoandika Gamba la Nyoka hakuwa anaandika historia. Operesheni ya kuhamishia watu vijijini ilifanyika miaka ya 1973 mpaka 1976, na kitabu kikatoka 1979. Alikuwa anaandika habari za juzi. Leo anayesoma kitabu hicho hakuwa hata wazo kwa wazazi wake, na kwake ni riwaya ya kihistoria bila mwandishi kubadilisha nukta.

Maana yake wewe unayeandika juu ya Mbagala au Kayole, unaandika riwaya ya kihistoria, utake usitake. Miaka arobaini ijayo kuna mtoto atataka kujua watu walivyobanana kwenye daladala kabla ya mabasi ya mwendokasi kuanza Dar es Salaam mwaka 2016, konda aliitaje vituo, chenji ilirudishwaje, mtu alimtumiaje mama yake hela kijijini kabla hazijaanza kwenda kwa simu. Asipoyakuta kwako, atayakuta wapi? Kwenye ripoti? Kwa hiyo weka mambo hayo. Taja bei ya chapati. Kitereza aliweka pombe ya ndizi, na leo ndiyo inayotushikilia.

BASI TUANZIE WAPI?

Sitatoa orodha ya vitabu kumi bora, maana hiyo itakuwa ni silabasi nyingine, nanyi mtaikariri. Nitasema machache ya kufanya.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nenda kwa wauza vitabu vya mitumba, uiname hasa. Usitazame jalada, majalada yetu mengi ya zamani yanatia huruma. Soma ukurasa wa kwanza, halafu fungua katikati usome mwingine. Mwandishi anaweza kujipamba ukurasa wa kwanza, ila katikati utamkuta na nguo za nyumbani. Geuza nyuma uone mchapishaji ametangaza vitabu gani vingine. Kijikaratasi hicho ni ramani ya bure. Tanzania Publishing House ya miaka ya sabini na themanini ilichapa Kasri, ikachapa Kuli, ikachapa Kitereza. Ukiiona nembo yake kwenye gunia la mtu, simama.

Zitazame tuzo, si kwa ajili ya kushangilia, bali kwa ajili ya majina. Tuzo ya Kiswahili ya Mabati-Cornell ilianzishwa 2014, na mwaka 2015 upande wa riwaya alishinda Anna Samwel Manyanza kwa Penzi la Damu. Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu ilitolewa mara ya kwanza mwaka 2023. Hizi zimepokea hata miswada ambayo haijachapwa, kwa hiyo zinakuhusu mara mbili: kama msomaji na kama mwandishi. Usisubiri mwalimu akutangazie washindi.

Mmechacha? Ungeni watu watano, kila mmoja anunue kitabu kimoja, mzunguke navyo. Kwa bei ya kimoja umesoma vitano. Lakini wekeni sharti: anayemaliza anasimama mbele ya wenzake anasema kimempendeza nini na kimemchefua nini, kwa maneno yake, bila "dhamira kuu ni". Na akishasema, aandike ukurasa mmoja auchape kwenye jarida kama hili. Maana kitabu hakijiuzi, nimeshasema. Anayekiuza ni msomaji mmoja anayemshika mwenzake bega na kumwambia, "Mshikaji, hiki usipokisoma utakuwa umejidhulumu."

Kitereza alingoja miaka 35 apate mchapishaji. Kumpata msomaji wa rika letu anangoja mpaka leo. Yeye hana la kufanya tena, amemaliza kazi yake. Iliyobaki ni yetu.

Mimi nimeanza na Myombekere. Nani anafuata?